Reli za Matundu Marefu

Hafidha ana majivuno, na sisemi hivi kwa kumsengenya, maana nimeshamwambia usoni mara nyingi tu. Akirekebisha printa, jengo zima litajua. Akipanga waya ukutani, atakuita uje uone, na usipomsifu atajisifu mwenyewe. "Beatrisi, hebu angalia," atasema, "waya umelala kama mtoto aliyeshiba." Yeye ni fundi wa kompyuta, mimi ni mtunza ghala wa chama chetu cha wakulima hapa Ruangwa. Kazi yangu ni magunia ya ufuta na korosho, na mtu wa ghala hana muda wa kusifia waya. Lakini haki ya mtu mpe: sijawahi kuona kitu alichokifunga Hafidha kikafunguka chenyewe.

Majivuno hayo kayarithi. Baba yake ni mzee Mohamedi, fundi wa kuchomelea wa Nachingwea. Enzi zake, ukipita mji ule ukaona geti limekaa sawasawa, hukuwa na haja ya kuuliza nani kalitengeneza. Na kwake yeye, kazi iliyopita mageti yote ni kabati moja la chuma lililomo katika chumba cha mitambo cha ofisi yetu. Si kabati la nguo. Ni la kuwekea seva, ile kompyuta bapa na nzito inayohifadhi uzito wa kila gunia linaloingia ghalani, na ambayo msimu ukianza haizimwi. Kabati la namna hiyo lina nguzo nne, na kila nguzo imetobolewa matundu kutoka juu mpaka chini. Mashine hushikwa kwenye matundu hayo.

Chama kilipoanza kutumia kompyuta hatukuwa na ubavu wa kuagiza kabati kutoka Dar es Salaam, ndipo mzee Mohamedi akatuchomelea lake. Tangu siku hiyo, akikutana na mtu yeyote wa huku, awe mkulima wa Chinongwe au kondakta wa basi, salamu yake ya pili ni hiyo hiyo: "Na kabati langu, halijambo?"

Sasa macho yake yamefifia. Karakana ameifunga, anashinda kwenye mikorosho yake na redio. Mageti aliyoyatengeneza mengine yameng'olewa barabara ilipopanuliwa, mengine wenye nyumba wameweka ya kisasa yanayong'aa. Kabati limebaki. Nadhani ndiyo maana analijulia hali kama mtu.

Mwaka huu, ufuta ukiwa bado shambani, seva yetu ya zamani ikachoka na chama kikanunua mpya. Ilikuja na reli zake. Msifikirie reli za treni. Ni vyuma viwili virefu, kimoja cha kushoto na kimoja cha kulia, vinavyofungwa kwenye nguzo za kabati ili mashine iteleze juu yake, itoke na kuingia kama droo. Hizo zilizokuja zilikuwa za kubofya. Hazina skrubu hata moja. Kila ncha ina pini mbili, unazisukuma kwenye matundu ya nguzo, zinalia "ta!" na kazi imekwisha.

Kwetu hazikulia. Pini ya chini iliingia, ya juu ikagoma. Hafidha akaanza na ya juu, ya chini ikagoma. Akapandisha tundu moja, akashusha, akabadilisha ya kushoto na ya kulia ingawa alijua si hivyo. Jasho likamtoka. Mwenyekiti wetu, Bwana Mustafa, alikuwa amesimama mlangoni na simu mkononi, na mwenyekiti akisimama nyuma yako hata sindano haitungiki.

"Kabati limepinda hilo," akasema.

"Halijapinda, mwenyekiti."

Akampigia muuzaji, akaweka simu kwenye spika tusikie wote. Muuzaji akasema reli zake hazina shida, zinaingia kwenye kila kabati la kiwandani, na kama haziingii basi kabati letu ni la kienyeji. Akatushauri tununue jipya. Analo. Nilitamani kumnyang'anya Bwana Mustafa ile simu nimpe yule kijana maneno yake, lakini mwenyekiti alishatikisa kichwa. Mnada wa kwanza wa ufuta ulikuwa unakaribia, alisema, na chama si makumbusho. Kabati jipya litaagizwa, na la zamani apigiwe simu Rashidy, mnunuzi wa chuma chakavu, aje na toroli lake.

Hapo nikamtazama Hafidha, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikaona hana la kujisifia. Si seva iliyomtisha. Kabati lile likipandishwa kwenye toroli la Rashidy, habari itafika Nachingwea kabla ya basi la jioni. Mzee atajua kwamba kazi yake imekwenda kuuzwa kwa kilo, tena kutoka katika chumba ambacho binti yake ndiye mwenye ufunguo.

"Mwenyekiti, nipe muda kidogo," akasema. "Nitafute reli nyingine."

"Hafidha, mchagua jembe si mkulima."

"Ni kweli, mwenyekiti. Lakini hata mkulima huangalia kwanza kama mpini unaingia."

Bwana Mustafa hapendi kujibiwa, ila anapenda jibu zuri. Akampa mpaka mwisho wa wiki.

Alipotoka, Hafidha akaniambia nimmulikie tochi. Akachukua rula ya chuma, akapiga magoti, akaanza kupima nguzo tundu kwa tundu, midomo ikichezacheza. Kisha akapima pini za ile reli. Akarudia nguzo. Halafu akakaa kitako sakafuni, akaanza kucheka, na kicheko chenyewe sikukipenda.

"Beatrisi, yamelingana," akasema.

"Nini?"

"Matundu ya baba. Yote yana nafasi sawa kwa sawa."

Nikamwambia hiyo si ndiyo kazi nzuri? Akatikisa kichwa, akanieleza. Makabati ya kiwandani matundu yake hayalingani. Huja matatu matatu: nafasi mbili ni pana, ya tatu imebanwa, halafu yanaanza tena, pana, pana, bano. Ndivyo yalivyo Dar es Salaam, ndivyo yalivyo Ulaya, na pini za reli zimetengenezwa kufuata hivyo. Baba yake, alipotengeneza lake kwa kuiga la kiwandani, akayasawazisha. Tofauti ni milimita mbili tu, na seva ya zamani ilikuwa imelazwa juu ya rafu ya bati, kwa hiyo hakuna aliyewahi kujua.

"Kwa hiyo yule kijana wa simu alisema kweli," nikasema.

"Alisema kweli kwa mdomo mbaya." Akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani, magunia?"

Kuanzia hapo ndipo nilipoanza kumheshimu kwa namna nyingine, maana nilidhani mtu akishaona kosa ni la baba yake atahangaika tu kulifunika. Hafidha alianza na kazi. Nilimuuliza kwa nini asitoboe matundu mapya. Akanionyesha kwamba tundu jipya litagusana na la zamani, chuma kitakatika katikati na nguzo itabaki kama mkate ulioliwa na panya. Nikamuuliza kwa nini asiilaze seva juu ya rafu kama ile ya zamani. Akasema hii mpya feni zake hubadilishwa kutoka juu, ikiwa inaendelea kufanya kazi. Ukiilaza kwenye rafu, feni ikifa siku ya mnada itabidi uizime na kuitoa nje, na magari ya wanunuzi yamepanga foleni mpaka barabarani. Lazima iteleze.

Basi akaanza kutafuta. Sikujua kwamba vyuma viwili vinaweza kuulizwa maswali mengi hivyo. Je, tundu la kabati ni la mraba au la duara? Letu ni la duara, kwa hiyo reli za meno ya mraba zikakataliwa. Je, kutoka nguzo ya mbele mpaka ya nyuma kuna urefu gani? Letu ni fupi, kwa sababu mzee alipima mlango wa ofisi kwanza, kwa hiyo reli zisizofupika zikakataliwa. Je, zinabeba uzito wa mashine hata ikiwa imevutwa nje yote? Je, vifundo vilivyo ubavuni mwa seva vitakaa kwenye mikato ya reli, maana kila aina ya seva ina vifundo vyake? Na juu ya hayo yote, je, zinafungwa kwa skrubu, na tundu la skrubu ni refu, kama tundu la kifungo, ili skrubu ipate pa kusogea?

Alimpigia yule yule muuzaji. Kila akipiga, kijana anamrudisha kwenye za kubofya. Dada, hizi ndizo zinazotoka. Dada, wateja wote wanachukua hizi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Za kwake zilitembea mpaka zikachoka. Hafidha hakupandisha sauti. Alimuuliza tena na tena kwa upole unaoudhi, mpaka kijana akakiri kwamba nyuma ya stoo kuna jozi moja ya zamani, ya skrubu, yenye matundu marefu, imejaa vumbi na hakuna anayeitaka.

"Nipige picha ya ncha zake, na uweke rula pembeni," Hafidha akasema.

Picha ikaja. Kijana ameweka kidole chake badala ya rula.

"Kaka yangu, sijui kidole chako kina ukubwa gani," akamwandikia. "Rula."

Ya pili ikaja na rula. Akaikuza kwenye simu, akahesabu mistari, akaniangalia, na yale majivuno niliyokuwa nimeyakosa yakarudi usoni kama umeme uliokuwa umekatika. "Hizi," akasema. Sijui kwa nini nilifurahi namna ile. Mimi na vyuma wapi na wapi.

Reli zilikuja na basi, zimefungwa kwenye gunia. Alizifuta vumbi, akazipaka grisi nyembamba, akaanza kuzifunga, nami nikamshikia. Hakukaza skrubu yoyote mwanzoni. Aliziacha zote legelege, akaweka pima maji juu ya reli, akagonga huku kidogo na kule kidogo kwa mpini wa bisibisi mpaka kile kipovu kikatulia katikati, kisha akafanya hivyo kwa reli ya pili, ndipo akakaza. Zilishika. Ukizitikisa, lilitikisika kabati zima, wala si reli.

"Sasa kuna jambo moja," akasema. "Seva ikivutwa mbele, kabati litataka kuinama nalo. Inabidi lifungwe chini." Akainama kutazama miguu. Kisha akaniita.

Kila mguu wa lile kabati ulikuwa na kisahani cha chuma, na kila kisahani kilikuwa na tundu la bolti. Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kuyatumia. Yalikuwa yamejaa vumbi jekundu na nta ya sakafu. Mzee Mohamedi hakuwahi kusikia habari ya reli zinazoteleza, lakini alikuwa fundi wa mageti na alijua kitu kirefu lazima kishikwe miguu. Hafidha aliyasafisha yale matundu kwa msumari, taratibu mno, kuliko vumbi lenyewe lilivyohitaji.

Tulilifunga kabati chini kwa bolti, tukaipandisha seva na kuiwasha. Ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuunguruma nikasikia sauti mapokezi, mtu anauliza liko wapi. Alikuwa mzee Mohamedi mwenyewe, kavaa kofia na koti lake la Ijumaa, mkono mmoja ukutani. Rashidy alikuwa amepita Nachingwea kukusanya vyuma, na mdomo wa Rashidy haufungwi kwa kufuli. Alimwambia mzee kwamba lile kabati lake la Ruangwa amepewa yeye.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Kabati langu liko wapi?"

Hafidha akamshika mkono, akamwingiza. Mzee hakusalimiana tena na mtu. Aliweka viganja vyote viwili kwenye ubavu wa kabati, akashuka navyo mpaka miguuni, akagusa bolti mpya, akaguna kwa kuridhika. Akapanda na nguzo ya mbele. Vidole vikafika kwenye reli vikasimama. Mwenyekiti alikuwa ameshafika mlangoni kwa kusikia kelele.

"Hizi ni nini?" mzee akauliza.

"Ni reli, baba. Za seva mpya."

"Mbona tundu lake ni refu?"

"Ni za kisasa," Hafidha akasema.

Mimi ninayemjua nilitazama chini, maana Hafidha hajui kudanganya. Hana mazoezi. Siku zote ukweli umekuwa upande wake.

"Mama," mzee akamwambia, kama baba zetu wanavyowaita binti zao, "sikukuuliza umri wake. Skrubu ya juu imeshuka, ya chini imepanda. Zinakimbiliana. Mtu hatengenezi tundu refu ila kwa kuogopa kwamba mwenzake atakosea kutoboa. Nani kakosea?"

Seva ilikuwa inaunguruma. Bwana Mustafa akafungua mdomo. Nikamkata jicho lile ninalowakata wapakiaji wanaokanyaga ufuta, akaufunga. Hafidha alikuwa bado ameshika mkono wa baba yake.

"Wewe, baba," akasema. Akamweleza yote, pana, pana, bano, bila kupunguza wala kuongeza, akimwekea vidole vyake juu ya pini za zile reli za kubofya ili azisikie mwenyewe.

Mzee alizipapasa kwa muda. Kisha akasema anakumbuka vizuri. Alikwenda kutazama kabati la mfano katika ofisi moja ya Nachingwea, akaweka ubao pembeni mwa nguzo, akachora matundu. Alipofika karakana akaona hayalingani. "Nikasema, huyu aliyetoboa alikuwa na usingizi. Nikamwonea huruma. Nikayanyoosha." Akageukia upande alipo Hafidha. "Na hayo mengine? Yote duniani yako vile vile?"

"Yote, baba."

"Basi la Ruangwa ndilo pekee lililonyooka."

Bwana Mustafa ndiye aliyeanza kucheka, akashikilia fremu ya mlango. Mimi nilicheka mpaka nikalia. Hafidha naye alicheka, na nikaona mabega yake yameshuka kama mtu aliyetua gunia.

Mzee hakucheka sana. Aliomba nyundo, na panchi, ule msumari mgumu ambao mafundi hutobolea alama kwenye chuma. Mwenyekiti akashtuka, akadhani anataka kulivunja. Mzee alitaka mlango wa kabati ufunguliwe, upande wa ndani. Akamwambia binti yake aweke rula iwe mstari, naye akaanza kugonga herufi nukta kwa nukta, kidole gumba kikimwongoza pale macho yasipofika. Ilichukua muda, na zilipinda kidogo, lakini zilisomeka: MATUNDU HAYA YAMELINGANA. TUMIENI RELI ZA MATUNDU MAREFU.

"Inatosha, baba," Hafidha akasema alipoona bado anatafuta nafasi chini yake.

"Bado jina."

"Kwa nini uweke jina? Weka maelezo tu, fundi atakayekuja ataelewa."

"Miaka yote sikuliweka, maana kila mtu alijua ni langu," mzee akasema. "Lakini mimi naondoka, mama, na wewe ndiye fundi wa humu. Kosa lisilo na jina hutafutiwa mtu. Watasema ni la Hafidha."

Hafidha akateremsha rula mahali palipohitajika, akaishikilia. Mzee akagonga jina lake na mji wake, MOHAMEDI, NACHINGWEA, kisha akapuliza vumbi la chuma. Bwana Mustafa mwenyewe ndiye aliyempigia Rashidy kumwambia asije.

Kabla hajaondoka tulimwachia mzee aivute seva. Aliivuta kwa kidole kimoja. Ikaja yote, nzito vile, taa zake zikiwaka, ikasimama nje ya kabati bila kutikisika. Akairudisha. Akaivuta tena. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyolazimu, na hakuna aliyemharakisha.

Mnada ulipita salama. Wiki iliyofuata kondakta wa basi la Nachingwea alishusha mzigo wangu pale ghalani, akakuna kichwa, akaniambia ana salamu za ajabu kutoka kwa mzee Mohamedi. Nikamwambia najua, anauliza kabati lake halijambo.

"Hapana, dada," akasema. "Siku hizi anauliza reli za binti yake hazijambo."